Vali ya Maji ya Bahari

Uzi ulikuwa umekatika.

Sajini aliinama katika chumba cha pampu, akaumulika kwa tochi. Aliufunga mwenyewe jana kwenye mpini wa vali ya maji ya bahari, ile inayoingiza maji melini. Leo ncha zake zilining'inia. Kuna mtu alikuwa ameigusa vali.

Manowari ile, ubavu umetobolewa na kombora, ilikuwa siku ya nne ikivutwa kurudi nyumbani. Ndani yake walibaki askari watatu tu wa kuilinda: Sajini, Koplo na Fundi. Bandarini tume ya uchunguzi ilikuwa ikiisubiri. Ilitaka kujua ni nani aliyefunga kwa nje mlango wa chumba cha injini, mabaharia wanane wakiwa ndani, hai.

"Maji yamepanda vidole viwili," Koplo alisema. "Hilo jini letu linalofungua vali lina mikono, afande."

"Lina mikono, na milango yote ya meli hii ilikuwa chini ya usimamizi wake."

Koplo alishusha sauti. "Fundi? Kaka yake alifia mle."

"Ndiyo maana anataka izame kabla tume haijaiona. Utamwambiaje mama yako kwamba wewe ndiye uliyemfungia?"



Mchana Sajini aliupaka mpini grisi ya buluu, ile ya mizinga. Saa kumi aliwaita sitahani.

"Nyoosheni mikono."

Ya Koplo ilikuwa safi. Ya Fundi ilikuwa michafu hadi kwenye viwiko.

"Mimi ni fundi, afande," alisema. "Ulitegemea ukute hina?"

"Grisi yako nyeusi. Hii ni ya buluu."

Fundi aliitazama mikono yake. "Kila siku naikuta vali iko wazi. Naifunga."

"Na ukanyamaza?"

"Ningemwambia nani? Tuko watatu."

Koplo ndiye aliyemtia pingu, akamfungia kabini. Fundi hakushindana naye. Alimwambia tu, kabla mlango haujafungwa, "Kapime maji mwenyewe, kaka. Mwenyewe."

Koplo alirudi uso umemshuka. Sajini akamshika bega.

"Kalale, mdogo wangu. Siku tatu hujafumba jicho. Chini nitakwenda mimi."

Akangoja mpaka aliposikia mkoromo. Akashuka ngazi bila haraka, akaifungua tena vali, safari hii hadi mwisho. Kisha akapanda sitahani, akatoa majaketi mawili ya kujiokolea: la Koplo na lake.