Kiwanja cha Mwisho Chenye Jua

Kijijini kwetu sheria ni moja: panapopiga jua panawekwa paneli. Kwenye mapaa, na uani juu ya nguzo, mpaka makaburini. Umeme upo wa kumwaga, hata kuku wana feni. Sasa mtoto wa dada Zamda kazaliwa na macho ya njano, nesi anasema, "Muoteshe jua kila asubuhi." Jua lipi, nesi? Chini kote kivuli!

Basi mimi niliyemaliza fomu foo nikakaa tu ndo nambeba mpwa wangu hadi uwanja wa mpira, sehemu pekee iliyobaki wazi. Wamama wamejaa toka goli hadi goli, vichanga vimeanikwa kama dagaa.

Katikati fundi wa paneli anapima.

"Oya dogo, si wewe uliyeomba kazi?"

"Ndo mimi, braza."

"Umepata. Shika utepe, tunaezeka hapa kesho."

"Na hawa watoto?"

"Kivuli kikija wataondoka wenyewe."

Miaka miwili naisubiri kazi hiyo. Mtoto kafumba macho, anaota jua lake. Nikamhamishia mkono wa kushoto, nikashika utepe.