Sikio la Mgodi

Mama alimshika mumewe goti chini ya meza, akalibonyeza kidogo, ndipo mzee akafumbua mdomo.

"Mimi nayagonga mawe ya mgodi huu tangu wewe hujazaliwa, mwanangu," alimwambia mgeni.

Mgeni alikuwa binti wa utafiti. Alipita nyumba hadi nyumba, kishikwambi mkononi, akiwauliza wachimbaji kama wako tayari kwa mitambo mipya. Ni vidude vya kubandikwa kwenye dari ya mgodi, vinausikiliza mwamba usiku na mchana, na ukianza kulegea vinapiga kengele. Wachimbaji wakivitaka, vitafungwa. Vikifungwa, mzee naye afungashe, maana nyumba ile ilikuwa ya kampuni, na kampuni haimpi nyumba asiye na kazi.

Kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya vidude. Kila alfajiri alitangulia kushuka peke yake, akigonga dari kwa nondo. Jiwe zima hulia kama kengele. Jiwe lililoachia hulia bu, kama pipa tupu. Akisema salama, watu wanaingia. Ndiyo maana walimwita Sikio.

Mzee hakuyatoa macho kwenye midomo ya yule binti, mpaka binti wa watu akaona haya.

"Mzoee tu," mama akacheka. "Huyu akiona midomo mizuri hasikii la mtu."

Binti naye akacheka. Akasema kote alikopita amekuta jibu moja. Wachimbaji walimtania, wakamtegea hata kitendawili: nampiga babu kichwani, ananiambia kama atasimama au atalala. Aliposhindwa wakamdai mji, ndipo wakamtegulia: dari ya mgodi. Wakamwuliza, hicho kidude chako kitamwelewa babu kama Sikio anavyomwelewa? Lawama yao ilikuwa moja tu, kwamba mzee siku hizi anaringa. Ukimsalimia kwa nyuma hajibu, mpaka uzunguke mbele yake kama unamwamkia mfalme.

Hata mtoto wao wa pekee, mchimbaji, aliyekuwa na mke na kwake mwenyewe upande wa pili wa mtaa, alijibu vilevile. Mtambo wa nini, alimwambia binti, na yeye analindwa na sikio la baba yake?

"Na wewe, mama?" binti aliuliza. "Mwanao yumo humo chini. Huna wasiwasi?"

Mkono wa mama ulitulia juu ya goti la mumewe. Alitazama kabati lake la vyombo, akatazama mapazia aliyoyashona mwenyewe, na dirisha lililokuwa likiingiza jua la asubuhi.

"Wasiwasi wa nini," akasema. "Baba yake si yupo?"

Mwezi haukuisha, habari ikaja kwamba vidude vimepelekwa mgodi mwingine. Mama alinunua rangi, akapaka sebule nzima kwa mikono yake, huku anaimba.

Harufu ya rangi ilikuwa haijatoka ndani mtoto alipopita asubuhi akienda zamu. Mzee alikuwa amekwisharudi kutoka kugonga, ameupa mlango mgongo, anaifuta nondo yake kwa tambara. Mtoto aliuliza akiwa kizingitini: leo wanaingia njia mpya, baba ameuonaje mwamba wake?

Mzee aliendelea kufuta.

Mama aliacha sufuria jikoni, akaja akamgusa mumewe bega. Mzee akamtazama yeye, kisha akamgeukia mtoto.

"Salama," akasema.

"Mfalme kanena," mtoto akacheka. Akachukua kiazi kwenye sahani ya mama yake, akaenda zake akitafuna.

Mchana mama alikuwa bombani na majirani zake, wanapiga soga, king'ora cha mgodi kilipolia. Wanawake walitupa ndoo wakakimbilia mgodini. Yeye alikimbilia nyumbani.

King'ora kililia, mbwa wa mtaa mzima wakabweka, watu wakapita nje ya dirisha wakiita majina ya watoto wao. Mzee alikuwa palepale mezani, mgongo mlangoni, anakunywa chai polepole. Kivuli cha mkewe kilipoangukia ule ukuta mpya, ndipo alipogeuka, akatabasamu.

"Mbona umewahi kurudi?" akasema. "Kaa, nimekubakizia chai."