Nukta za Kutoka Voi

Pigo la kwanza halikumwua Quincy. Alipiga magoti kando ya gurudumu la Land Rover, akashika kisogo, akamtazama Gerishom kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Wee Gerishom, una wazimu?"

"Hii ni ya Judy," dereva alimjibu, spana ya magurudumu ikiwa bado juu.

Quincy, kwa ujinga wa watu waliozoea kusamehewa, akatoa neno la mwisho la maisha yake. "Dadako alijitakia."

Basi spana ikashuka, ikashuka tena na tena, mpaka kile kinywa kikanyamaza. Gerishom hakuona huruma hata chembe. Alimwona Judy kwenye kitanda cha hospitali, jicho limepasuka, mimba imetoka, na huyu bwana wake akiendelea kuwachekea watalii kule hotelini Galu. Miezi yote hiyo Gerishom alifanya naye kazi, akacheka naye, na Quincy akadhani yamekwisha. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Hasira iliposhuka, akili ikarudi. Barabara ya kutoka Samburu kwenda Kinango ilikuwa tupu, haina hata mbuzi, jua linawaka. Aliuburuta mwili kwa mikono hadi korongoni, akauangushia udongo wa ukingoni, akakata miiba akaufunika. Gari hakulitoa barabarani. Hilo alikuwa amelipanga tangu Voi.

Maana juu ya dashibodi kulikuwa na shahidi: kidude cha GPS. Hoteli ilikuwa imewatuma wazunguke mbali, kidude kiichore njia nzima, wageni wapate ramani. Bi Mwanapili, mkuu wao, alikipenda kuliko mkufu wake. Aliagiza siku zote kitegwe kwa muda, yaani kila dakika kiweke nukta, gari liende lisiende. Madereva walimkoma kwa hilo. Ukijilalia chini ya mkorosho, nukta hurundikana pale kama sisimizi kwenye sukari, na ukirudi unaulizwa.

Rundo pale korongoni lingemnyonga Gerishom. Kwa hiyo asubuhi ile ile, wakinywa chai Voi, alimwambia Quincy kwa upole, "Safari bado ni ndefu, hii kitu itajaa kabla tufike. Si uiweke kwa umbali?"

Kwa umbali, kidude huweka nukta gari linaposogea tu. Likisimama, nacho kinanyamaza. Quincy alicheka, akamwita profesa, akabonyeza vitufe kwa mkono wake mwenyewe.

Gerishom alinawa damu kwa maji ya dumu, akabadili shati, akateremka Kwale hadi Galu akipiga mluzi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Quincy yuko wapi?"

"Alishuka Kinango, Bi. Tulikaa pale tukala, tukapiga stori karibu saa nzima, halafu akasema anaenda kuona rafiki. Atakuja kesho."

Kesho ikapita, na kesho kutwa ikapita. Siku iliyofuata Gerishom aliitwa ofisini. Sajini Menza wa polisi alikuwa ameketi pembeni, kofia mapajani, na Bi Mwanapili ameshika kidude.

"Sajini anataka kujua mlisimama wapi na wapi," alisema.

Gerishom alikikazia macho kile kidude. Kama alikosea, kama Quincy alibonyeza vibaya, basi kamba ilikuwa imeshafika shingoni.

Bi Mwanapili alisogeza kioo karibu na macho, akafuata mstari kwa ukucha wenye hina. "Hapa Voi, mlipolala, nukta zimerundikana. Kutoka hapo zinakwenda moja moja, sawasawa, mpaka getini kwangu." Alirudia kuangalia, polepole, kisha akamgeukia askari. "Hakuna rundo hata moja, Sajini. Gari halikusimama mahali popote."

Gerishom alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu siku ile. Nusura atabasamu.

Bi Mwanapili akakiweka kidude mezani. "Basi hebu nieleze, mwanangu," akasema. "Quincy alishukaje?"