Kasuku wa Waya

Kila jioni, kabla ya kupiga habari yoyote ya maana, Benoît alianza na tusi. Alikaa nyuma ya ngoma yake, gogo kubwa lililochimbwa tumbo, lisilo na ngozi wala kamba, akalitwanga kwa fimbo mbili mpaka msitu wote wa Walikale ukasikia: Kasuku wa waya, asemaye asichokijua, leo tena amekula ndizi za wenyewe!

Kasuku huyo alikuwa Viateur, kijana wa telegrafu. Serikali ilimtoa kwao Karuba, huko milimani Masisi kwenye ng'ombe na baridi, ikamweka kando ya mto Lowa na kisanduku chake kinacholia ti-ti-taa. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akaugua. Tangu siku hiyo, chifu akiwa na neno la kupeleka mbali, hakumwita tena Benoît. Neno la chifu mzima likapita kwenye waya kama kikohozi cha mbuzi!

Benoît alibaki na nini? Nyonga mbovu, na Édouard.

Édouard walitahiriwa naye siku moja. Alikaa ng'ambo ya mto, peke yake na gogo lake. Tangu waasi wazamishe baki iliyokuwa ikivusha watu, hawakuwa wameonana, maana kwa nyonga ile mtumbwi ulikuwa haupandiki. Lakini kila jioni Benoît alipiga, na Édouard akajibu. "Ngoma isiyojibiwa ni kuni tu," Benoît alimwambia mkewe, Colette, na alimaanisha. Siku Édouard atakaponyamaza, yeye naye atakuwa mzee wa kuota moto, basi.

Na huyo kasuku hakuwa na haya. Alikuja kuuliza maswali.

"Papa Benoît, neno moja ya telegrafu, kwa ngoma inakuwa maneno ngapi?"

"Neno moja? Sisi hatutume neno moja, ile iko mufupa bila nyama. Wewe unasema 'chui'. Ngoma inasema 'chui, bwana wa madoa, mwenye kula mbuzi ya mujane.'"

"Basi neno yangu moja iko maneno yenu tisa."

"Yako iko njaa. Yetu iko chakula."

Kijana akainama, akagusa midomo miwili ya gogo, ule wa kike wenye sauti nyembamba na ule wa kiume wenye sauti nzito. "Na kama muntu iko na sauti moja tu, Papa? Nyembamba inaweza kuwa fupi, nzito ikuwe ndefu?"

Benoît alicheka mpaka nyonga ikamuuma. "Na muntu akikosa miguu, atatembea na masikio? Toka hapa!"

Jioni hiyo alimpigia Édouard habari yote, akaitia chumvi. Édouard akajibu polepole: Ni kweli. Ni mtoto tu, mvumilie.

Édouard alikuwa amekuwa mpole mno siku hizi. Uzee. Hata mkono wake ulikuwa umechoka tangu ile malaria. Maana lazima ilikuwa malaria: mvua zilipoanza, alinyamaza siku kadhaa, Benoît karibu apasuke moyo, kisha ngoma ikarudi, dhaifu, kama ya mtu anayejifunza upya. Salamu yake ya kulala ndiyo ilimsumbua zaidi. Ki-ki-du, ilikwama kidogo, kama mtu anayetafuta mlango gizani, ndipo, ki-du. Benoît alimwonea huruma. Kumsahihisha rafiki hadharani hakuweza.

Ilikuwa siku zilezile za mvua za kwanza ambapo kasuku alikuja kofia mkononi. "Papa, telegrafu imeleta habari ya ng'ambo. Ikala chini kwanza."

"Ng'ambo iko na mwenyewe," Benoît alimkatiza. "Kama Édouard iko na neno, atanipigia. Habari yako, kula na ndizi."

Kijana alimtazama Colette. Colette akatazama chini. Loo, Benoît alifurahi! Alimweza kweli siku hiyo.

Lakini wanawake ni wepesi wa huruma. Colette alianza kumwekea kijana chakula cha jioni, na kuanika suruali yake motoni, maana kila giza likiingia alirudi ameloa mpaka magotini.

"Anaoga na nguo," Benoît alisema. "Watu ya mulima hawajue maji."

"Mwache, mutoto ya watu."

"Na mikono yake umeiona? Malengelenge tupu! Kalamu tu inamuchubua!"

Colette akapuliza moto.

Kisha serikali ikamwita kasuku arudi milimani. Kamio, lori la serikali, ilipofika kumchukua, alikuja kuaga. Colette alimfungia kwanga mbili, ile mikate ya muhogo, akageuka kufuta macho. Moshi, bila shaka.

"Enda," Benoît alimwambia. "Ng'ombe za Karuba zinakungojea. Nazo hazina akili, mutasikilizana."

Kamio ikaondoka. Benoît hakuweza hata kungoja jioni. Alikamata fimbo akapiga kwa nguvu ambazo hakuwa nazo tangu ujana: Kasuku ameruka! Ndugu yangu, furahi nami!

Akangoja. Mto tu ulisikika.

Akapiga jina la Édouard lote, tangu kichwa mpaka mkia.

"Amelala," alimwambia Colette.

Colette alikuwa ameketi chini, kama watu wanavyoketi msibani.

Ndipo, si kutoka ng'ambo bali juu kwenye kilima cha barabara ya Masisi, honi ya kamio ikalia. Fupi, fupi, ndefu. Ikakwama kidogo, kama salamu ile inavyokwama kila jioni. Fupi, ndefu.