Mteja Hai

Tunu aliingia kwenye duka la vifaa vya watoto, akamsogezea karani simu usoni. Ujumbe wa asubuhi ile kutoka dukani hapo ulisema: "Hongera! Leo Raiyan ametimiza mwaka."

"Mwanangu nilimzika akiwa na siku tisa. Hii ni mara ya tatu nakuja kuwaambia!"

Karani alitazama kompyuta. "Samahani, dada. Mfumo unahesabu kila anayefungua ujumbe kuwa mteja hai. Na wewe umefungua jumbe zote."

"Nafungua kwa sababu hakuna mwingine anayemtaja jina!" Tunu alifoka. "Hata baba yake hamtaji!"

Karani akapeleka kidole kwenye kitufe. "Basi nilifute jina lake?"

Tunu aliukamata mkono wake, akaubana kwa nguvu, asiseme futa wala acha.