Nje ya Mpaka wa Ukurasa

Ukurasa wa mwisho ulikataa kugeuka picha.

Fundi wa kompyuta alibonyeza tena. Maktaba ya programu, ile inayochora kurasa, ikamrudishia mstari uleule mwekundu: kuna kitu kimefunguliwa humu ndani na hakikufungwa. Alicheka peke yake, kicheko kisicho na raha. Yeye alikuwa na shida ya kinyume chake.

Ilikuwa siku ya kumi na tisa. Chumba cha kazi, vyumba viwili vya kulala, choo, na dirisha lililopakwa rangi mpaka juu. Mitihani ya taifa ilitayarishwa hivyo: unaingia, simu inabaki getini, mlango unapigwa lakiri kwa nje, na hutoki mpaka ukurasa wa mwisho uende kwa wachapaji. Ukitoka kabla, mitihani yote inatungwa upya na watoto laki mbili wanasubiri. Alikula kiapo na kutia sahihi. Siku ile mama yake alikuwa anakohoa kidogo tu.

Kila asubuhi mafaili yaliingia kwenye flashi kupitia kidirisha cha mlangoni. Mzee wa Funguo, msimamizi aliyefungiwa pamoja naye, aliyafungua kwanza kwenye mashine yake akague namba za mitihani, kisha akamkabidhi. Faili la ukurasa si picha, ni maagizo tu: andika swali hapa, chora pembetatu pale, paka hiki juu ya kile. Programu yake iliyapeleka maagizo kwa maktaba, nayo ikayatii moja baada ya jingine mpaka picha ikatoka. Kilichopakwa mwisho ndicho kilichoonekana. Kilichoangukia nje ya mpaka wa karatasi kilikatwa.

Huko nje ya mpaka ndiko alikokuwa akimsubiri mdogo wake, Kidevu, mpiga chapa wa ofisi ya kutunga mitihani. Walipatana kabla hajaingia: Kidevu afiche ujumbe huko kila siku. Kila asubuhi Fundi aliiagiza programu iupanue ukurasa wa mwisho wa siku kwa vidole vinne, akasoma, akafuta, ndipo akatoa picha halali.

Siku ya pili: "Mama anasema uji wangu ni gundi ya viatu. Rudi haraka, ananitesa."

Siku ya tano: "Amelazwa. Usishtuke, anagombana na manesi."

Siku ya saba: "Leo hajagombana na mtu."

Hapo roho ilimruka. Lakini angeomba afunguliwe angeulizwa amejuaje, na jibu lingempeleka Kidevu jela. Akajaribu kwa mbali.

"Mzee, mtu akiuguliwa akiwa humu, inakuwaje?"

"Kwani atajuaje, binti yangu, na simu ziko getini?"

Akarudi kwenye kiti chake.

Siku ya tisa alichelewa kuifuta picha pana. Mzee akapita nyuma yake na kikombe cha chai, akasimama kidogo, macho kwenye skrini. Fundi aliganda. Mzee alikunywa chai yake, akaenda zake.

Kesho yake habari zilikuwa njema. "Mama ameketi kitandani. Amekunywa uji wote." Kesho kutwa: "Anakusalimu sana, anakutakia kazi njema." Kila siku hivyo, neno jema juu ya neno jema, bila kejeli hata moja. Fundi akajiambia kumbe kuuguza kunafundisha watu, hata Kidevu amepata adabu. Usingizi ukamrudia, na kazi ikaenda mbio. Mzee naye akaanza kumwachia yai lake la asubuhi kila siku, ingawa alikuwa amegeuka mtu wa kuongea akitazama sakafu.

Na sasa ukurasa huu mmoja ulikuwa umekaa kati yake na mlango.

"Bado?" aliuliza Mzee.

"Umegoma."

Mzee aliinuka upesi kuliko umri wake. "Nirudishie, niuangalie mimi kwanza."

"Kaa tu, Mzee, hii ni kazi yangu. Nitayasoma maagizo yenyewe."

"Kwani yanasomeka kwa macho?"

"Yote. Hata yaliyofunikwa."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaishika mkononi bila kuivaa.

Fundi alifungua faili. Juu kabisa paliandikwa kwamba limehifadhiwa mara ya mwisho asubuhi hii, mashine namba mbili, yaani ya Mzee. Labda alirekebisha namba ya mtihani. Akashuka mpaka mwisho, kwenye mambo ya nje ya mpaka, na kosa likamtazama usoni: mtu alikuwa amechora kisanduku cheupe akasahau kukifunga. Ndani ya kisanduku palikuwa na salamu ya leo: "Mama anakungoja kwa hamu. Maliza kazi kwa utulivu."

Machozi yalimlenga kwa furaha. Alikifunga kisanduku, akabonyeza, na safari hii mstari mwekundu haukuja. Picha ilitoka safi. Mzee aliichukua, akaipitisha kwenye kidirisha, na nje wakaanza kuvunja lakiri.

Fundi alinyoosha mkono afunge faili. Jicho likapanda mstari mmoja juu, kwenye kile ambacho kisanduku cheupe kilichorwa juu yake.

"Dada, leo ni siku ya tisa tangu tumzike Mama. Nakuandikia kila siku, sijui kama unasoma."