Brashi ya Waya

Fundi Makame, aliyeitwa kuipaka baraza vanishi upya, alipiga magoti akapitisha kiganja juu ya zege. Maua ya rangi aliyoyagandamiza kwa mikono yake kwenye zege bichi, mwaka aliosafiri Haidari, mwana wa Bi Zuwena, yalikuwa yamebaki makovu ya kijivu.

"Bibi, nani anayeosha hapa?"

"Mimi, mwanangu," Bi Zuwena akajibu kwa fahari. "Kila asubuhi, kwa sabuni na brashi ya waya. Haidari alinijengea baraza hii mimi mamake. Siku akirudi, aikute kama alivyoiacha."

"Vanishi haitasaidia, bibi. Rangi ilikuwa ngozi ya juu tu. Umeisugua yote."

Miaka yote hiyo hata salamu za Haidari hazikuja.

Makame akausogeza mtungi mkubwa wa pembeni, aone kama kuna palipopona. Chini yake palikuwa na ua moja, jekundu, zima kama la jana. Bi Zuwena akaliinamia. Tope kidogo lilikuwa limeganda katikati yake.

"Masikini, limechafuka," akanong'ona, na mkono wake ukaanza kuitafuta brashi.